Nani Aliamua Kwamba Kigae ni Taka?

Kuna ukuta mmoja unaoujua. Haijalishi kama umekulia Buruburu, Nakuru au Kisauni, upo. Simiti yake ikiwa bado mbichi, fundi alipanda vigae vya chupa juu yake: vya kahawia, vya kijani, vyeupe, ncha zote zikitazama juu. Mpira ukivuka huko, mechi imeisha. Chupa zile zilianza maisha na bia ya mtu, soda ya harusi ya mtu, dawa ya kikohozi ya mtoto wa mtu. Zilipovunjika zikapewa kazi ya uaskari.

Fundi hakuenda semina yoyote kujifunza hilo. Wala yule mzee wa ushago anayekwangua mpini wa jembe kwa kigae mpaka ulainike hakufundishwa na shirika. Wala mama anayeuza asali kwenye chupa iliyokuwa ya wiski. Tunavyosimuliwa siku hizi, kutumia taka upya ni jambo jipya, limekuja na fulana za bure na mapipa ya rangi tatu ambayo, tuseme ukweli, mara nyingi humwagwa kwenye lori moja. Kwa upande wa kioo mambo ni kinyume kabisa. Kwa muda wa karibu miaka 2,000, kioo kilichovunjika kilikuwa bidhaa. Kilinunuliwa, kilipimwa, kilivushwa bahari. Kilichokuja juzi ni wazo la kukitupa. Hapa Kenya wengi wetu tuliliona wazo hilo likiingia mtaani, ila hatukujua tunatazama nini.

Meli iliyobeba vigae

Takriban mwaka 1025, meli ndogo ya biashara iliingia kwenye ghuba ya Serçe Limanı, kusini-magharibi mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, na ikazama hapo. Ilikaa chini ya maji zaidi ya miaka 900. Wanaakiolojia wakiongozwa na George Bass waliifukua kati ya 1977 na 1979, wakakuta silaha, mizani, vyombo vya udongo, vitu vya mabaharia. Na wakakuta kioo, kama tani 3. Tani 2 hivi zilikuwa mabonge ya kioo ghafi. Tani nyingine ilikuwa bilauri, chupa na bakuli zilizovunjika, pamoja na mabaki ya karakana.

Sasa fikiria hapo kidogo. Vyombo vile havikuvunjika kwa sababu meli ilizama. Vilipakiwa vikiwa tayari vigae. Mtu fulani kwenye pwani ya Shamu alivikusanya, akalipa nauli, akavituma kaskazini kuelekea nchi za Bizanti akijua kwamba huko kuna mtu atavinunua. Watafiti walitumia miaka mingi kuunganisha vipande vile kama mchezo wa kupanga picha, na baadhi ya vyombo vilivyorudi kuwa vizima vinaonyeshwa leo kwenye jumba la makumbusho la Bodrum.

Kwa nini mtu alipe nauli ya vigae? Jibu liko kwenye moto. Mchanga unaotengenezewa kioo, ukiwa peke yake, huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi. Tanuri la kuni la zamani halifiki huko. Kwa hiyo mafundi waliongeza magadi, ama yaliyochimbwa Misri ama yaliyotoka kwenye majivu ya mimea, ili mchanga ukubali kuyeyuka mapema. Tatizo ni kwamba mchanga na magadi peke yake hutoa kioo kinachoyeyuka majini, kitu ambacho hakikusaidii sana ukitaka kunywa maji. Ndipo inahitajika chokaa, ili kioo kishike. Mchanga, magadi, chokaa: hayo ndiyo mapishi, na chupa nyingi duniani bado zinapikwa hivyo hivyo.

Kigae tayari kina vyote vitatu. Kazi ngumu ya kuvioanisha ilishafanywa na mtu mwingine, kwa kuni za mtu mwingine. Wewe unakiyeyusha tu, kwa joto dogo zaidi, unakipuliza upya. Hata leo hesabu haijabadilika sana: kiwandani, kila asilimia 10 ya vigae unayoongeza kwenye mchanganyiko hupunguza nishati ya tanuri kwa karibu asilimia 3. Tani moja ya vigae huchukua nafasi ya takriban tani 1.2 za malighafi. Ile 0.2 inayozidi si kosa la hesabu. Ni gesi ya kaboni inayotoka ndani ya chokaa na magadi vikichomwa, na kigae kilishaitoa zamani. Jambo jingine: karatasi ukiichakata mara kadhaa nyuzi zake huchoka, plastiki nayo hupoteza nguvu. Kioo hakichoki. Unaweza kukiyeyusha mara 100 na kikabaki kioo.

Warumi walilijua hili kabla ya meli ile. Martial, mshairi aliyeishi Roma katika karne ya 1, anamtaja mchuuzi wa mitaani kutoka ng'ambo ya mto Tiber ambaye biashara yake ilikuwa kutoa salfa na kupokea vigae vya kioo. Anamtaja kwa dharau, kama mfano wa mtu wa chini mwenye makelele. Ukiwa umewahi kuishi kwenye ploti Nairobi unamjua huyo jamaa. Anapita asubuhi na mkokoteni au gunia akiita watu wa chuma, betri na chupa, na kuna mtu kwenye ghorofa ya tatu anayefoka kwamba anaamshwa mapema. Miaka 2,000 na kazi ni ile ile, dharau ni ile ile.

Meli nyingine, ya Kirumi, ilipatikana mwaka 1986 karibu na Grado, kaskazini mwa Italia, na ndani yake mlikuwa na pipa la mbao lililojaa vigae. Hata kemia inatoa ushahidi. Mafundi wa Kirumi walikuwa na njia mbili za kuondoa ule ukijani unaoletwa na chuma kwenye mchanga. Wengine waliweka antimoni, wengine manganisi. Mtafiti akipima kipande cha kioo na kukuta zote mbili, anajua kwamba vioo vya mapishi mawili vilikutana kwenye chungu kimoja. Vipande vya aina hiyo vimepatikana vingi.

Shanga zilizozaliwa mara ya pili

Usidhani hii ni hadithi ya Mediterania tu. Bahari yetu ilikuwa na kioo chake. Huko Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alichimba miaka ya 1980, na katika miji mingine mingi ya pwani, udongo umetoa vipande vya vyombo vya kioo na shanga zilizokuja na upepo wa kaskazi kutoka Ghuba na India. Lugha nayo iliweka kumbukumbu. Neno bilauri lilitufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ni jiwe linalopitisha mwanga. Mswahili wa zamani alishika glasi mkononi akaona kito.

Shanga hazikuishia pwani. Ziliingia bara, na huko ndiko kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye bonde la mto Limpopo, ndani ya Afrika Kusini ya leo karibu na mpaka wa Zimbabwe na Botswana, kuna makazi ya kale ambayo wanaakiolojia waliyapa jina kavu kabisa: K2. Watu waliishi pale kati ya takriban mwaka 1000 na 1220, kabla tu ya mji wa Mapungubwe kuinuka jirani. Walikuwa wafugaji na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na kupitia pwani ya Msumbiji walipata shanga ndogo ndogo za kioo, nyingi zikiwa na rangi ya buluu na kijani.

Mafundi wa K2 walizitazama zile shanga na, inavyoonekana, wakaona ni ndogo mno. Wakatengeneza vikalibu vya udongo, wakajaza shanga nyingi ndani yake, wakazichoma mpaka zikayeyuka na kuwa kitu kimoja. Zikipoa, walivunja kalibu na kutoa ushanga mmoja mnene, wenye tundu katikati, mkubwa kuliko chochote meli ilicholeta. Wanaakiolojia waliziona zinafanana na gurudumu zito la kusawazisha nyasi za bustani, wakaziita kwa jina la gurudumu hilo. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: kazi ni ya fundi wa Limpopo, jina ni la bustani ya Uingereza. Vipande vya kalibu vilipatikana pale pale K2, kwa hiyo hakuna ubishi kazi ilifanywa wapi.

Mara nyingi tunasimuliwa biashara ya shanga kama kisa cha Mwafrika kudanganywa: ametoa pembe, amepewa vijiwe. Lakini mtu wa K2 hakupokea tu alichopewa. Aliichukua bidhaa ya mbali kama malighafi, akaiyeyusha, akaipa umbo alilolitaka. Karne nyingi baadaye misafara ya bara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo ilikutana na ukali ule ule wa mnunuzi. Richard Burton, aliyesafiri kati ya 1857 na 1859, aliandika orodha ndefu ya aina za shanga na majina yake, ikiwemo ile nyekundu iliyoitwa samesame. Alieleza kwamba kila eneo lilikuwa na chaguo lake, na mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mzigo bure. Huo si utamaduni wa watu wanaodanganyika na kila king'aacho.

Afrika Magharibi kazi hii haijawahi kukoma. Wakrobo wa Ghana hutwanga chupa kwenye kinu mpaka ziwe unga, wanachekecha, wanamimina kwenye kalibu ya udongo. Katikati wanasimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Kalibu ikiingia tanurini, kikonyo kinaungua na kuacha tundu la uzi. Hakuna mashine. Chupa ya bia ya jana inakuwa kitu cha kuvaliwa na bibi harusi.

Ziwa lililo ndani ya chupa

Turudi nyumbani, kwa sababu kuna jambo ambalo chupa haikuambii. Kumbuka yale mapishi: mchanga, magadi, chokaa. Magadi hayo ndiyo yale yale ambayo watu hutia kidogo kwenye mboga za kienyeji au githeri ili viive haraka. Na Ziwa Magadi, lililo Kajiado, kusini-magharibi mwa Nairobi, lina tabaka nene la magadi linalojijenga upya kadiri chemchemi za chumvi zinavyoingia na jua linavyokausha.

Serikali ya kikoloni iliona hilo mapema. Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa saini mkataba uliowahamisha kutoka Bonde la Ufa na kuwagawa sehemu mbili, Laikipia na kusini, kwa ahadi kwamba wasingesumbuliwa tena. Mwaka 1911, miaka 7 tu baadaye, ukaja mkataba wa pili wa kuwatoa Laikipia. Walipoupinga mahakamani mwaka 1913, katika kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, walishindwa. Mwaka huo huo wa 1911 ilianzishwa Magadi Soda Company, na tawi la reli likajengwa kutoka Konza hadi ziwani. Kampuni ilipita mikononi mwa Brunner Mond ya Uingereza mwaka 1924, na tangu 2005 iko chini ya Tata ya India.

Kwa zaidi ya karne moja, basi, magadi ya Kajiado yamepanda treni hadi bandarini Mombasa na kwenda kuwa kioo na sabuni za watu wengine. Wenyeji wa pale bado wanauliza wao walipata nini. Ninalileta hili hapa kwa sababu tunapenda kusema kwamba kioo ni mchanga tu, na mchanga ni wa bure. Si kweli. Ndani ya kioo kuna magadi, na magadi yana ardhi, na ardhi ina watu. Kila tani ya vigae inayorudi tanurini ni magadi ambayo hayakuhitaji kuchimbwa upya. Na ile inayofukiwa jaani ni magadi yaliyotoka kwa mtu yakaishia kaburini.

Pesa ya chupa

Kenya Breweries ilianzishwa 1922. Coca-Cola ilianza kutengenezwa Nairobi 1948. Kwa miongo mingi vinywaji hivi vilitembea nchini ndani ya chupa ambazo hazikuwa zako. Ulinunua soda; chupa uliazima. Kama huna chupa ya kubadilisha, uliacha pesa ya chupa kwa mwenye duka, au ulikunywa hapo hapo ukiegemea kaunta huku akikutazama kwa jicho la pembeni. Watu wa rika langu tulitumwa dukani na chupa tupu mbili ndani ya kiondoo na onyo moja: ukizivunja usirudi. Wageni wakija nyumbani, hesabu ya chupa ilikuwa sawa na hesabu ya wageni.

Ukipata chupa ya soda ya kioo leo, itazame mabegani na kiunoni. Utaona mkanda mweupe uliochakaa. Hilo ni kovu la safari: chupa imesuguana na wenzake kwenye kreti, kwenye lori, kwenye mashine ya kuosha, mara nyingi. Kiwandani huoshwa kwa maji ya moto yenye soda kali, inakaguliwa, inajazwa tena. Chupa moja nzuri inaweza kuzunguka zaidi ya mara 20 kabla ya kuchoka au kupata ufa. Ikifa, inavunjwa na kupelekwa tanurini kuwa chupa nyingine.

Mfumo huo haukuitwa kulinda mazingira. Uliitwa biashara. Chupa ilikuwa mali, kwa hiyo kila aliyeigusa alikuwa na sababu ya kuitunza: kampuni, wakala, dereva wa lori, mwenye duka, mama watoto, mtoto aliyetumwa. Katika mnyororo mzima hapakuwa na mtu mmoja aliyeombwa afanye wema. Hata mlevi aliyelala barabarani, chupa yake haikulala naye. Kuna mtoto aliyejua duka gani litampa kitu.

Halafu ikaja chupa isiyorudi. Plastiki ilienea kwenye soda na maji hasa kuanzia miaka ya 2000, na ilikuwa na raha yake, tusijidanganye. Ni nyepesi, haivunjiki, unaondoka nayo kwenye matatu, hakuna pesa ya chupa. Lakini angalia kilichobadilika nyuma ya pazia. Kampuni haikuhitaji tena lori la kurudisha, wala mashine ya kuosha. Gharama ya chupa tupu haikupotea, ilihama tu. Ilihama kutoka kwenye vitabu vya kampuni ikaenda kwa kaunti, kwa mtaro wa mbele ya nyumba yako, kwa Mto Nairobi. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na dunia ikatupigia makofi. Chupa za plastiki zilibaki madukani.

Na kioo? Kioo nacho kiliambukizwa tabia. Chupa ya bia ya kahawia bado inarudi, soda ya kioo bado ipo kwenye vioski na harusini. Lakini pembeni yao limekua kundi kubwa la chupa zisizo na njia ya kurudi: za mvinyo, za mchuzi wa nyanya, za marashi, na zaidi ya zote, za pombe kali.

Mzinga, kwota na gunia

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho, ilikataza kuuza pombe kali kwenye vifuko na kwenye vyombo vya chini ya mililita 250. Nia ilikuwa afya, na hakuna anayevililia vifuko vile. Kipimo kidogo kabisa cha halali kikawa kwota. Tangu hapo kwota imekuwa sehemu ya mandhari: kwenye mtaro, chini ya kiti cha stejini, nyuma ya shule. Haina pesa ya chupa. Hakuna duka litakaloipokea. Ikitoka mkononi mwa mnywaji imekuwa yatima.

Wanaoichukua ni watu wa gunia. Hapa hesabu ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001 na bado linapokea taka za Nairobi, mtu anachagua abebe nini kwa sababu mgongo ni mmoja. Shaba na alumini zina pesa kwa uzito mdogo. Plastiki ni nyepesi. Kioo ni kizito, kinakata mikono, na bei yake kwa kilo iko chini kabisa. Mtu anaweza kujaza gunia la vigae, alibebe, na bado asipate ya chakula cha maana.

Kuna chupa moja inayolipa vizuri zaidi: ile nzima, yenye lebo safi, ya pombe ya bei. Sote tunajua kwa nini. Katika misako ya pombe bandia, picha za habari huonyesha vitu vile vile kila mara: mitungi ya spiriti, stempu za kughushi, vifuniko, na magunia ya chupa tupu za kampuni zinazojulikana. Ndiyo maana baa nyingine huvunja chupa zao makusudi kabla ya kuzitupa. Hiyo ndiyo hali tuliyofikia. Kutumia chupa nzima tena, njia ya zamani kuliko zote na inayohitaji moto mdogo kuliko zote, imekuwa kazi ya kushukiwa, na kuivunja ndiyo uaminifu. Chupa ya bia haina shida hiyo kwa sababu ina mwenyewe anayeingoja. Kinachoua si kutumia tena. Ni kutumia tena bila mwenyewe.

Vigae vinapokusanywa, vina pa kwenda, ila milango ni michache. Kuna kiwanda cha chupa cha Central Glass Industries kule Kasarani, kilichoanza chini ya kampuni ya bia miaka ya 1980 na kununuliwa na Consol ya Afrika Kusini mwaka 2015. Mombasa iko Milly Glass Works. Na kusini mwa Nairobi, ukingoni mwa mbuga, iko Kitengela Glass, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na msanii Nani Croze, ambako mafundi huyeyusha kioo kilichotupwa na kupuliza glasi, taa na shanga. Ukishika glasi yao utaona viputo vidogo vya hewa ndani. Watu hulipia viputo hivyo.

Lakini kiwanda kikubwa hakitaki viputo, wala hakitaki kila kigae. Kinataka rangi zitenganishwe, kahawia mbali na kijani, nyeupe mbali na zote. Hakitaki kipande cha kikombe cha udongo, kwa sababu hakiyeyuki na hukaa kwenye chupa mpya kama kokoto, na hapo ndipo itakapopasukia. Hakitaki bakuli la kioo la kuwekwa kwenye oveni, maana lina mapishi mengine. Kazi ya kutenganisha yote hayo inafanywa na mikono, mara nyingi bila glavu, na mtu yule yule aliyebeba gunia. Halafu kuna umbali. Chupa iliyonywewa Lodwar iko mamia ya kilomita kutoka kwenye tanuri, na kigae hakiwezi kujilipia nauli. Mfanyabiashara wa Serçe Limanı aliweza kwa sababu bahari ni barabara ya bei nafuu na kuni zilikuwa ghali. Sisi tumegeuza mizani: mafuta ya lori yako juu, kazi ya mtu iko chini.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ambayo kati ya mambo mengine inampa mzalishaji wajibu juu ya kifungashio chake hata baada ya bidhaa kuuzwa. Ukiisoma kwa macho ya historia, ni pesa ya chupa iliyorudi ikiwa imevaa suti. Inasema kile mwenye duka wa miaka ya 1980 alikisema bila wakili: chupa hii ina mwenyewe. Swali ni pesa hiyo itafika wapi. Ikiishia kwenye ofisi na ripoti, jaa litabaki jaa. Ikifika kwenye bei ya kilo, chupa itatembea yenyewe, kama ilivyotembea zamani, bila bango hata moja la kutuhimiza.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walisema hivyo kwa sababu mhunzi alikuwepo, na alilipwa. Martial alituachia kazi ya yule mchuuzi wa vigae lakini hakutuachia jina lake. Hatujui nani alifunga yale mafurushi ya Serçe Limanı, wala nani alivunja kalibu ya mwisho kule K2. Wa kwetu bado wako hai, wanapita mtaani kabla hujaamka, na wanajua hadi shilingi kigae cha kahawia kina thamani gani leo. Historia hii ikiandikwa tena, ningependa ianzie kwao. Wa kwanza akipita kesho, muulize kilo ni ngapi.